Vidato Vyepesi vya Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wetu wa kwaya alichagua vidato vya kupandia mti kwa sikio. Wawindaji wengine wa hapa Maryland huuliza uzito, huuliza urefu, huuliza kama chuma kitashika kutu. Yeye alikiinua kidato kwa vidole viwili, akakining'iniza karibu na shavu, kisha akakigonga kwa ukucha wa kidole gumba. Kikilia ngiii, alikirudisha mezani. Kikisema du, aliguna na kukiweka kando. Siku ya kwanza niliyomsindikiza kwenye lile duka la wawindaji nje kidogo ya Bowie, muuzaji, kijana mwenye ndevu hadi kifuani, aliniinamia akaninong'oneza kwamba huyu mzee ndiye mteja wake pekee anayenunua vifaa kama mtu anayechagua tikiti maji.

Mimi ni nesi, na kwenye kwaya niko alto. Kwa sababu ya kazi yangu watu wa kanisani huniita Sista, na yeye pia aliniita hivyo. Nyumba zetu zilitazamana pale Bowie, kwa hiyo nilimwona wiki nzima, si Jumapili peke yake. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata mkewe, na mkewe sisi tulimwita Mama Mwalimu. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika ofisi moja ya serikali mjini Washington, kazi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeelewa ni ya nini. Ukimuuliza alikujibu, "Tunapeleka karatasi huku, zinarudi kutoka kule." Sasa yeye na Mama wamehamia kwa binti yao huko Georgia, kwenye joto. Kwaya inaongozwa na kijana mwenye tableti, na anaimba vizuri, simlaumu. Lakini hanikasirishi, na nimekuja kugundua kwamba nilipenda sana kukasirishwa.

Kwa asiyejua uwindaji wa huku, nieleze. Wale wanyama tunaowaita swara, ingawa si swara hasa, wamejaa kila mahali, wanakula maua ya watu na kurukia magari. Mwenye laiseni anaruhusiwa kuwawinda kwa upinde msimu ukifika, na upinde unataka uwe karibu. Kwa hiyo mwindaji hupanda mti akakaa juu kwenye kiti kidogo, kwa sababu swara hana mazoea ya kutazama juu. Ili apande, huufunga mti kwa mikanda vipande vifupi vya ngazi, kimoja juu ya kingine, akisimama kwenye cha chini kufunga cha juu. Wakati wa kushuka huvifungua kimoja kimoja kuanzia kileleni, na vyote hurudi naye mgongoni hadi kwenye gari. Mgongo huohuo umebeba kiti, upinde, mikanda ya usalama na chupa ya chai. Ndiyo maana wawindaji huongea juu ya uzito wa vidato jinsi kina mama wanavyoongea juu ya bei ya nyanya.

Mwalimu naye alitaka wepesi, lakini alitaka kwanza ukimya. Alisema chuma chepesi mara nyingi huwa na kiherehere. Ukikigusa kwa kifungo cha koti tu kinaitangazia Howard County yote kwamba umefika. Akishanunua, alivifunga vitambaa sehemu zote zinazoweza kugongana. Wenzake walitumia tepu. Yeye alikata majoho ya zamani ya kwaya, yale ya zambarau. Siku Mama Mwalimu alipogundua kwamba joho zima la soprano limegeuzwa soksi za vidato, hawakusemezana hadi Jumapili, na hata hiyo Jumapili walisemezana kwa sababu ya wageni.

Katika kwaya alikuwa mkali ajabu. Tulifanya mazoezi Jumamosi kwenye chumba cha chini cha kanisa letu, Riverdale Park, mahali ambapo treni ikipita hata viti vya plastiki huitikia. Alikuwa akisimamisha wimbo, anangoja treni ipite, halafu anaendelea kutoka kwenye silabi ileile. Mtu akikosea hakumwambia amekosea. Alimwambia, "Hiyo ni kelele yenye nia njema." Mimi aliwahi kuniambia mbele ya watu wote, "Sista, unaimba kama mtu anayetafuta parking. Unazunguka noti, unazunguka, huingii." Nilinuna wiki nzima. Mpaka leo nikiwa mjini natafuta mahali pa kuegesha gari, nacheka peke yangu.

Watu walishangaa kwamba mwenye mdomo ule anaweza kukaa mtini asubuhi nzima bila kufungua kinywa. Mimi sikushangaa. Nyimbo zetu zote mpya zilitoka huko. Alikuwa akija Jumamosi na magome ya mti yamenasa kwenye sweta, anatufundisha kitu ambacho hatujawahi kukisikia, sauti zote nne zimekamilika, na ukimuuliza ameitoa wapi anasema, "Hii ilikuja Alhamisi, kwenye ule mwaloni wa bibi." Bibi huyo alikuwa mjane wa Kizungu mwenye shamba dogo ukingoni mwa Columbia. Alimruhusu Mwalimu kuwinda kwake kwa sharti moja tu, kwamba asitoboe mti wake hata kwa sindano. Ndiyo maana vidato vyake vilikuwa vya mikanda, kamwe si vya kuskrubu.

Katika nyimbo zile tulikuwa na wimbo mmoja wa shukrani ambao ubeti wake wa pili unakatika ghafla, halafu besi peke yao wanaendelea. Tulidhani ni ufundi. Kumbe palikuwa na swara aliyetokea pale, mkubwa, mwenye mapembe, amesimama chini yake kabisa. "Ukampiga?" tukamuuliza. "Ningempiga vipi? Nilikuwa katikati ya ubeti." Mara nyingi alirudi mikono mitupu, na sijawahi kumwona akirudi na huzuni.

Akipata nyama, aligawa. Na hapo ndipo utajua sisi ni watu wa wapi. Wengi wetu tumetoka nchi ambayo uwindaji umepigwa marufuku tangu wengine wetu hatujazaliwa. Kwetu mtu mwenye nyama ya mwitu ni mtu anayetafutwa. Kwa hiyo hata huku, na laiseni yake iko mfukoni, Mwalimu alipofungua buti ya gari kugawa nyama baada ya mazoezi, watu walikuja mmoja mmoja, wanatazama nyuma, wanaongea kwa kunong'ona. Mama mmoja wa soprano alikuwa akificha fungu lake chini ya sukuma wiki. Jioni moja askari wa trafiki akamsimamisha kwenye Route 1 kwa sababu taa ya nyuma haikuwaka. Kabla askari hajafungua mdomo, mama huyo alishainua mikono akaanza kulia, "Ofisa, nyama si yangu! Ni ya mwalimu wa kwaya! Mimi ni soprano tu!" Askari alitaka kujua nyama gani. Alipoonyeshwa, alicheka, akamweleza jinsi mama mkwe wake anavyoipika na vitunguu, kisha akamwambia atengeneze taa.

Mwalimu alipokisikia kisa hicho hakucheka. Alisema, "Yaani ameniuza haraka hivyo?" Halafu akaenda nyuma ya piano, mabega yakaanza kutikisika.

Baba mmoja wa besi, Mkongomani, peke yake ndiye hakuogopa. Alikuja na beseni. "Mwalimu, ile viande ya juzi, ile nyama, ilikuwa bien sana," alisema kwa sauti kubwa hata kina mama wote wakamzomea anyamaze. "Watoto balimaliza yote. Mungu akupatie ingine."

Alikuwa na mambo yasiyoeleweka. Mtu huyu aliyekuwa akipanda mialoni kabla jua halijachomoza hakukubali kupanda ngazi ya nyumbani kwake kutoa majani kwenye mifereji ya paa. Alimwita fundi kila vuli. Nilipomtania, alinijibu bila aibu, "Ngazi ile siiamini. Sikuichagua mimi." Vilevile, alikuwa hawezi kuchinja kuku. Kuku wa Krismasi alichinjwa na Mama, kule kwa mfugaji, na yeye akabaki kwenye gari amefungulia redio.

Sasa, habari ya vidato kuwa vyepesi. Nilipomfahamu alikuwa na vya chuma, virefu, vichache. Kisha vikaja vya alumini. Kisha vya mabomba membamba. Mwisho alianza kuvizungumzia vya nyuzi za kaboni, ambavyo huvisikii hata ukivigonga kwa kijiko. Karibu kila msimu tulikwenda tena kwenye lile duka, na kila mara muuzaji alimpangia mezani vitu ambavyo ungedhani vimetengenezwa kwa ajili ya mtoto. Vilizidi kuwa vyepesi, na pia vilizidi kuwa vifupi na vingi. Mimi niliona ni ushamba wa wanaume na vifaa. Wengine hununua mashine za kukata nyasi.

Mama Mwalimu ndiye aliyenifungua macho. Tulikuwa jikoni kwake, yeye anasukuma chapati, Mwalimu yuko sebuleni na vidato vipya kwenye zulia.

"Mwalimu," Mama akamwita, "hivyo vya mwaka jana vina shida gani?"

"Ni vizito."

"Mwaka jana si ulisema ni vyepesi?"

"Mwaka jana vilikuwa vyepesi."

Mama akanigeukia, akapunguza sauti. "Umesikia? Sista, wewe ni nesi, fikiria. Goti lake halikunjiki. Zamani alikuwa anapiga hatua ndefu, vidato vichache vinamtosha. Sasa lazima vikaribiane, kwa hivyo anahitaji vingi. Na vikiwa vingi hawezi kuvibeba, so anatafuta vyepesi. Si vidato vimekuwa vizito. Ni yeye anazeeka, na hataki kuniambia. Anaenda kuliambia duka."

Aliniomba niongee naye. Nilijaribu, siku moja tukiwa kwenye gari langu kuelekea mazoezini. Nilimweleza kuhusu magoti, baridi, damu kutotembea mtu akikaa sana, mifupa ya umri wake. Nilimwambia kuna vibanda vya turubai vya kuwindia chini. Mtu anakaa kwenye kiti chake, na thamosi yake, hakuna anayeanguka. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Nikiwa chini nasikia kila kitu," akasema. "Nasikia friji, nasikia magari ya Route 50, nasikia Mama akiongea na dada yake kwa simu. Nikiwa juu vyote vinabaki chini, na kile kingine ndio kinakuja. Sasa niambie, nesi. Nikikaa kwenye hema yako, kitakuja?"

Nilimwambia Mama kwamba nimeshindwa, naye akasema alijua, ila alitaka mtu mwingine ashindwe pia. Kuanzia hapo kila alfajiri ya msimu aliamka naye, akamkagulia mikanda ya usalama kwa mikono yake, kishikizo kwa kishikizo, akiwa bado na kitambaa cha kulalia kichwani. Kisha alisimama dirishani mpaka gari lipinde kona. Niliwaona mara nyingi nikitoka kwenda zamu ya asubuhi. Alikuwa anaogopa kwamba siku moja ataletewa habari, na alikuwa anajua siku mume wake atakayoacha kupanda ndiyo siku atakayoacha kuleta nyimbo. Vyote viwili alivibeba, na kwa kweli sijui kipi kilimlemea zaidi.

Siku yenyewe ilikuwa Novemba, baridi ile kavu. Nilikuwa natoka zamu ya usiku, hospitali yetu iko upande wa Columbia, na jua lilikuwa limeshapanda vizuri. Simu ikalia.

"Sista, umemaliza kazi?"

"Ndio natoka, Mwalimu. Kuna nini?"

"Hakuna. Pitia hapa kwa bibi. Usikimbie, hatuendi kuzima moto."

Nilikimbia. Nilimkuta kwenye ule mwaloni, ameketi kwenye kiti chake, amefungwa mikanda yake sawasawa, upinde umeshashushwa kwa kamba na umelala kwenye majani. Kutoka chini niliona nyayo za viatu vyake tu na pua.

"Mwalimu! Umeumia?"

"Shusha sauti, bibi atasikia. Sijaumia. Nimekaa."

"Umekaa tangu saa ngapi?"

"Tangu kabla ya mapambazuko. Nimejaribu kushuka, mguu ukakataa. Nikarudi nikakaa. Nikajaribu tena, ukakataa tena."

"Nacall 911."

"Usicall! Watakuja na fire truck na king'ora, huyu bibi apate presha, na Jumapili mimi niwe prayer item. Heri nikae hapa mpaka Krismasi."

Nilimuuliza kuhusu kifua. Nilimuuliza kuhusu kizunguzungu, nikamwambia asugue vidole, anieleze anavyovisikia. Alijibu yote kwa hasira, na hasira hiyo ilinitia moyo, maana mtu mwenye moyo mbovu hana nguvu za kugomba hivyo. Lilikuwa goti tu, limeganda kwa baridi na kukaa. Nikamwambia kamba ya usalama asiifungue hata kwa dakika, na akisikia kizunguzungu napiga simu, apende asipende.

"Sasa nisikilize. Ukishuka, mguu mbaya ndio unatangulia. Mzuri unabaki juu unabeba mzigo."

"Kwani si mzuri ndio utangulie?"

"Hiyo ni ukipanda. Ukishuka ni mbaya kwanza. Wagonjwa wangu wote wanajua."

"Mimi si mgonjwa wako."

"Leo ni wangu. Geuka, ukumbatie mti. Mbaya kwanza."

Kiatu kikatafuta. Nikamwelekeza: kulia kidogo, chini kidogo, hapo. Kisha mzuri. Kisha akapumzika, shavu kwenye gome la mti, na nikasikia pumzi zake. Tulikwenda hivyo, kidato kwa kidato. Alipofika ninapoweza kumfikia nilishika kisigino chake kwa mikono miwili na kukiweka mahali pake. Nilisali kwa Kikwetu, kitu ambacho sikifanyi ila mambo yakiwa mabaya.

Alipokanyaga ardhi alibaki ameushikilia mti kwa muda mrefu. Nilitazama juu. Vidato vyote vilikuwa bado vimefungwa kwenye shina na vitambaa vyao vya zambarau, maana aliyeshuka kwa kushikiliwa mguu hana mkono wa kufungua mikanda.

"Na hivi?" nikamuuliza. "Nimtafute mtu aje avitoe?"

"Viache."

"Mwalimu, vya kaboni hivi?"

"Viache, Sista. Nimechoka kuvibeba."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko nilivyoogopa alipokuwa juu. Gari lake tuliliacha kwa bibi, na katika langu nilimfungulia joto hadi mwisho. Njia nzima hadi Bowie hakukosoa hata redio. Tulipokaribia nyumbani nilimwambia sitaweza kumficha Mama. Akasema, "Sikukuambia umfiche. Niachie nimwambie mwenyewe."

Mama alikuwa jikoni. Aliona Mwalimu anaingia mlango wa mbele badala ya ule wa gereji, hana kitu mgongoni, nami nyuma yake na nguo za kazi. Alishika ukingo wa meza.

Mwalimu alikaa bila kuvua koti. "Mama," akasema, "leo sikushuka. Nimeshushwa."

"Nani amekushusha?"

"Sista."

"Umeumia?"

"Hapana. Lakini basi. Sipandi tena."

Nilingoja Mama aseme yale aliyokuwa ameyaweka tayari miaka yote. Alikuwa na haki ya kuyasema, na mimi ningemuunga mkono. Badala yake alizima jiko, akavuta kitambaa cha kufutia vyombo, akafunika uso, akalia. Alilia kwa nguvu, mabega yote yakitikisika, kama mtu aliyefiwa.

Mwalimu alichanganyikiwa. "Si ni wewe ulikuwa unaiombea siku hii?"

"Niliiomba," akasema kutoka ndani ya kitambaa. "Nimeiomba kila siku. Sasa nyimbo utazitoa wapi, Mwalimu?"

Mwalimu alinyanyuka kwa kuegemea meza, akaburuta lile goti hadi alipo mkewe, akaweka mkono mgongoni pake. Mkono ulikuwa na michubuko ya gome la mti.

"Nyamaza, Mama," akamwambia. "Ni miti tu."

Mama hakunyamaza. Mwalimu akarudia tena, "Ni miti tu," na sauti yake, ambayo sikuwahi hata siku moja kuisikia ikikosa noti, ikakosa.